Stendi ya Tenki la Hajji

Jumatatu, 4 Agosti
Natangaza kwa masikitiko makubwa: birika la chai la karakana limetoboka, na katika karakana yangu hii ya kuchomelea vyuma hakuna wa kuliziba. Fundi Mushi kaondoka. Kapata kazi ya mabomba Tanga, kaniaga kwa simu akiwa tayari ndani ya basi. Kabaki msaidizi wake Side, baba wa watoto watatu, anayejua grili za madirisha tu. Na mimi nimeshapokea kazi ya Hajji: stendi ya chuma ya tenki la maji, juu ya ghorofa lake hapa Kariakoo. Inapandishwa Jumamosi. Chini yake wanapika mama ntilie. Ikiachia, inawaangukia wao. Nimechoka na wiki bado mbichi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimezunguka Gerezani yote kutafuta fundi. Kila karakana wananiuliza mimi kama ninaye. Wamekuja wawili kujaribiwa. Wa kwanza mshono wake mzuri, ungeweza kuuvaa harusini. Nikaugonga nyundo moja. Vyuma vikaachana.
"Mama Zai, hiyo nyundo yako ina chuki."
Wa pili hakuisubiri nyundo.

Jumatano, 6 Agosti
Ugonjwa nimeujua. Kila Mushi alipotaka kupanga moto wa mashine ya kuchomelea, alimtuma Side: sigara, vocha, maji ya kunywa. Side akirudi, kazi imeshaanza. Mushi naye alilelewa hivyo hivyo, kwa kutumwa. Wote ndivyo walivyo. Side kakaa naye miaka. Anajua bei ya kila kitu Kariakoo. Moto hajui. Halafu tunashangaa mafundi wanaisha.
Nimempigia Mushi.
"Sasa Mama Zai, nikimwonyesha Side si ataninyang'anya kazi?"
"Kazi ipi, Mushi? Si uko Tanga?"
Hilo hakuwa amelifikiria.

Alhamisi, 7 Agosti
Mushi anafundisha kwa simu ya video. Mshika simu ni mimi. Mkono unauma, macho kama yametiwa mchanga.
"Punguza moto, bwana! Unachomelea au unachoma mishikaki?"
Side kasusa, katoka nje. Karudi mwenyewe. Kila kiungo nilichogonga kimeachia.

Ijumaa, 8 Agosti
Hajji kapita baada ya swala.
"Ungeunga tu ukapaka rangi, mwanangu. Nani ataona?"
Nikasema mama ntilie wataona. Hakucheka. Isipopanda kesho, kazi anampa fundi mwingine. Nikamwomba akimpata aniazime.
Jioni kiungo kimoja kimegoma kuachia. Na kingine. Nimegonga mpaka mpini wa nyundo umevunjika. Side ananitazama kama nampiga yeye.

Jumamosi, 9 Agosti
Side kaichomelea stendi yote. Mushi anatazama toka Tanga, hana hata tusi. Imepanda alasiri, na tenki juu yake. Niliwaomba mama ntilie wasogee kidogo. Wamekataa, wateja wanawajua hapo hapo. Sijala.

Jumapili, 10 Agosti
Nimepanda juu na Side. Stendi imetulia. Nimeisukuma kwa bega, haina habari na mimi. Upepo kidogo. Side kashika kiuno kama mwenye nyumba. Chini harufu ya vitunguu.
Nikaligonga tenki kwa kidole. Likalia kama ngoma, tupu.
Maji mtaani hayajatoka wiki nzima.