Poda ya Mgongo wa Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepunguza kukusumbua. Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimu. Baba, tangu kile kiharusi, mkono wa kulia bado umelala na maneno hayatoki, ila anakula vizuri, na kidonda cha mgongoni kimekauka kwa ile poda uliyotuma.

Nianze na hiyo poda, maana imekwisha, na haikuishia mgongoni.

Kinyozi jirani yetu alileta jenereta yake ndogo kwenye karakana ya Baba, inavuja oili. Nilimwambia nitaitengeneza, kwa sauti ambayo hata mwenyewe sikuisikia. Nikanusa oili nijue kama imeingia petroli, haikuwa nayo. Nikafungua chini, palipolowa, nikabadilisha gasketi, ile karatasi ngumu ya kuziba maungio, kama kitabu cha Kiingereza kinavyoelekeza. Ikavuja. Nikarudia, ikavuja vilevile. Kinyozi akasema, “Fundi, umeibadilisha nepi tu. Bado inakojoa!” Nilicheka naye, kisha nikaenda kulia nyuma ya pipa.

Niliporudi, Baba, aliyekuwa kitini akinitazama, alikuwa akinyoosha mkono wa kushoto kwenye kopo la poda. Nikadhani mgongo unamwasha. Nikampandisha shati, nikampaka. Akatikisa kichwa. Nikaongeza. Akapiga ngumi kwenye kiti, machozi yakamtoka. Mama akasema, “Mpe mwenyewe hilo kopo, huenda ana lake.” Nikampa. Akainama kwa shida, akainyunyizia jenereta iliyokuwa miguuni pake.

Hapo nikaelewa. Niliisafisha injini mpaka ikakauka, nikaipaka poda yote iliyobaki, ikawa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikaiwasha, tukaitazama wote watatu. Chini palibaki peupe. Mstari mweusi ulianzia juu kabisa, kwenye mfuniko wa vali, ukateremka kwa nyuma polepole. Kumbe nilikuwa nahangaika na mahali oili inapodondokea. Gasketi ya juu ilikuwa imepasuka kama kisigino. Nikakata nyingine, nikafunga. Kukavu mpaka leo.

Baba alicheka, Shangazi. Mdomo ulikwenda upande, lakini kicheko kilikuwa chake.

Sasa lile ninaloliogopa. Uliposema kwenye simu kwamba mwisho wa mwezi atakuja mtu kununua vifaa vyote vya karakana, na Baba ahamie kwako, nilijibu “ndiyo, Shangazi”, kama ninavyojibu kila kitu. Haikuwa ndiyo. Najua unatuhurumia, na najua mimi bado si fundi. Lakini tumekuwa tukimlisha, tukimgeuza, tukimpaka, tukidhani yule fundi ameshaondoka. Yumo ndani, Shangazi. Anahitaji mikono tu, na hii yangu ipo.

Nakuomba mnunuzi asije. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Mama hajui kama nakuandikia.

Wasalimie binamu zangu, hasa mapacha. Mwambie Bibi kwamba mwanawe amecheka. Mungu akutunze, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako.

Na ukimpata mtu wa kuja huku, mpe makopo mawili ya poda: moja la mgongo, jingine la kazi.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye kuliko anavyoweza kusema,
Kimya