Anza na Walio Karibu

Mpendwa Baba,

Nimefaulu! Jana nilitetea mradi wangu mbele ya walimu watatu hapa chuoni Nchiru, na sitatulia mpaka nikuambie, ingawa huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike.

Unakumbuka jirani yetu Mama Kinya alipokuja kwetu Ruiri kununua beberu mkubwa kuliko wote? Ulikuwa na kumi na wawili, wametawanyika malishoni, wengine juu, wengine bondeni, na mizani hatukuwa nayo. Ilibidi tuwasimamishe wawili wawili ubavu kwa ubavu, tuone nani mkubwa. Mimi nikataka kufuata zamu: wa kwanza na wa pili, kisha wa tatu. Nilishuka bondeni na kupanda mpaka pumzi ikaniishia. Ukacheka, ukaniita.

"Kendi, anza na walio karibu. Aliyeshindwa hapa, usimpeleke kwingine."

Tukawalinganisha waliokuwa pamoja huku juu, kisha waliokuwa pamoja kule chini. Mwishowe wakabaki wawili tu, nikashuka bondeni mara moja.

Sasa sikia. Programu nyingi za kuchagua kilicho kikubwa kuliko vyote huchukulia kwamba kila ulinganisho una gharama sawa. Mradi wangu ulihusu gharama zinazobadilika kwa bahati tu: ulinganisho mmoja sekunde, mwingine saa nzima. Nilikwama miezi, Baba, hadi asubuhi moja nikiwa nakunywa chai nikakumbuka wale mabeberu. Nikaandika programu inayoanza na ulinganisho wa bei rahisi, inawaacha walioshindwa, na kugusa ule wa ghali pale tu isipokuwepo njia nyingine. Nilipoiendesha ikaipita mbali ile ya kufuata zamu. Niliruka, kiti kikaanguka!

Jana mwalimu mmoja alinibana: nina hakika gani kwamba sijamtupa aliye mkubwa kuliko wote?

"Ninatupa walioshindwa tu, na huyo hashindwi popote, mwalimu," nikamjibu.

Akaweka kalamu chini, akauliza nani alinifundisha. Nikasema ni baba yangu, aliyekuwa akiuza mbuzi.

Lakini kuna neno linanichoma. Nilipokuwa mwaka wa kwanza hapa chuoni, ulinipigia simu kuuliza ninasoma nini hasa, nami nikakwambia ni hesabu ngumu, hutaelewa. Ukasema sawa, soma tu. Nisamehe, Baba. Ungeelewa kabla sijamaliza sentensi.

Pumzika, nami naendelea na kazi.

Binti yako,
Kendi