Mbavu Niliyoificha Ndani ya Kiti cha Mjukuu Wangu

Mpendwa Shangazi mshauri, nakuita Shangazi kama wasomaji wako wote wanavyokuita, ingawa nikikusoma naona mimi ni mkubwa kwako kwa miaka ishirini au zaidi, na naomba msaada wako haraka kwa sababu zimebaki siku kumi na mbili na kosa ni langu peke yangu.

Mimi ni mjalidi vitabu mstaafu. Nilitoka kwetu miaka arobaini na moja iliyopita nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, nikatoka na shati moja, viatu na kadi ya maktaba ambayo ninayo mpaka leo, na kitabu nilichoazima sikukirudisha kwa sababu hata maktaba yenyewe sijui kama bado ipo. Nilikofikia hakuna aliyekuwa na haja na msomi wa nusu, ila palikuwa na karakana ya kujalidi vitabu, yaani kuvishona na kuvitia majalada, nikaingia kufagia vipande vya karatasi, nikatoka baada ya miaka thelathini nikiwa fundi, ingawa kila kitabu kilichopita mikononi mwangu kilipigwa muhuri wa jina la mwenye karakana. Nakueleza haya ili ujue nilifanya kwa nini.

Naishi na binti yangu, anayepiga pasi mashuka ya hospitali, na mjukuu wangu wa kike tunayemwita Futi, kwa kuwa tangu mdogo hupima kila kitu, mlango, meza, hata pua yangu. Amepata nafasi chuoni kusomea ujenzi, lakini ada hatuna. Ndipo siku moja akaja na tangazo alilolinakili kwenye ubao wa shule: kiwanda kimoja cha maboksi kitamlipia ada yote mwanafunzi atakayeshinda kwa kutengeneza kiti cha kadibodi na gundi tu, bila msumari wala uzi, na kiweze kukaliwa na mtu mzima. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini.

"Ada ya chuo kwa maboksi? Hao wanawachezea watoto wa watu."

"Mama, wengine wanalipiwa kwa kuchonga sabuni. Mwaka jana kuna aliyeshinda kwa gauni la magazeti."

"Na alilivaa?"

"Alilivaa."

"Mvua ilinyesha?"

"Mama, bwana!"

Alifanya kazi wiki tano kwenye kona ya sebule, sisi tukipita kwa ubavu, na kiti kikatoka kizuri, Shangazi, mgongo wake umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Lakini mimi nimekata kadibodi maisha yangu yote, na siku alipofunga sehemu ya kukalia niliona kwenye vipande vilivyobaki jinsi alivyoikata mbavu ya kati, kile kipande cha ndani chini ya kikalio kinachobeba mzigo wote. Kadibodi ina mifereji ndani, kama bati la paa. Ikisimama wima hubeba, ikilazwa hukunjika, na yeye aliilaza ili asipoteze boksi. Alhamisi akiwa shuleni nikafungua upande wa chini kwa wembe, nikaing'oa mbavu yake, nikakata nyingine ya mifereji wima, nikaikunja mara tatu kama tulivyokuwa tukiimarisha migongo ya kamusi, nikaibandika na kufunga tena, na mjalidi akifunga kitu huwezi kujua kilifunguliwa. Sharti la shindano lilikuwa limebandikwa ukutani, nikalisoma mara mbili: mwanafunzi anaweza kufundishwa na yeyote, lakini kila mkato, kila mkunjo na kila tone la gundi liwe la mkono wake.

Kwenye mchujo waliviwekea viti mifuko ya mchanga. Vingi vilipiga magoti mapema, cha Futi kikasimama mpaka mifuko ikaisha. Sasa wamebaki sita, na kwenye fainali, siku hizo kumi na mbili zikiisha, kila mmoja atakijenga kiti chake upya mbele ya waamuzi, kisha mwamuzi atakikalia. Futi anaimba akioga. "Babu, nitakirudia vilevile, sibadilishi hata mkunjo mmoja."

Nilijaribu kwa mbali, nikamwambia, "Je, mbavu ya kati ungeisimamisha?"

Akanicheka. "Ile iliyobeba mifuko yote? Babu, usinitie wasiwasi."

Nikinyamaza, kiti kitamwangusha mwamuzi mbele ya watu na chuo kitaondoka nacho. Nikisema, huenda akajitoa mwenyewe, namjua, na mimi nilitaka mmoja tu wa damu yangu amalize chuo. Nimefikiria kumwambia kwamba nimeyasoma mambo ya mbavu katika kitabu. Je, kuna njia ya kumfundisha bila kumwambia?

Wako,
Babu wa Futi

SHANGAZI ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu. Nimekuamkia kwanza, maana yanayofuata si ya kumwambia mkubwa.

Njia ya kumfundisha bila kumwambia haipo, na unajua haipo, kwa sababu ulishaijaribu akakucheka. Atakusikilizaje? Ana ushahidi wa mifuko ya mchanga kwamba yeye ndiye aliyepatia. Ushahidi huo umempa wewe. Wengine wakikosea wanajua pa kurekebisha. Wewe umemwondolea hata kosa lake.

Mapenzi yako nimeyaona, nisingekuwa na moyo kama nisingeyaona. Lakini ulikuwa na mdomo. Siku ulipoviona vile vipande ungemwita, "Mjukuu wangu, njoo tuitazame kadibodi hii," naye angekata upya kwa mkono wake, na sharti lingekuwa salama. Wewe ukachukua wembe. Miaka thelathini mtu mwingine alipiga jina lake juu ya kazi yako, na iliuma, maana umelitaja bila kuulizwa. Sasa umepiga jina la Futi juu ya kazi yako, na hukumuuliza kama analitaka hapo.

Mwambie leo, gazeti hili likiwa bado mezani. Usiseme ulikisoma kitabu. Sema, "Niliifungua kazi yako, nikatoa mbavu yako, nikaweka yangu." Kisha nyamaza. Kadi ya maktaba iache kabatini; utamwonyesha siku nyingine, lakini siku hiyo ukiitoa atalazimika kukuonea huruma wewe, na zamu ni yake. Akilia, alie. Akikununia siku mbili, utakula chakula kimya kimya. Mama yake naye ajue, asije akasikia kwa watu.

Halafu kuna waandaaji. Waandikiwe, na barua aiandike Futi, si wewe, maana nakuona tayari ukiitafutia karatasi nzuri. Aseme alichokijua na siku alipokijua, na aombe apimwe kwa kiti atakachokijenga mbele yao. Wanaweza kukubali. Wanaweza kumwondoa, na wakimwondoa hawatakuwa wamemwonea. Hapo itabidi atafute mashindano mengine, na aliyoyataja, ya sabuni na magazeti, hayajaisha. Kwamba atashinda huko siwezi kukuahidi. Ila akiingia fainali na kiti asichokijua, akishinda hatakuwa ameshinda, na akianguka hatajua kwa nini. Na huyu anakwenda kusomea ujenzi, mzee wangu. Siku moja watu watakaa chini ya mbavu zake.

Majibu ya waandaaji yakiwa bado njiani, msikae bure. Mwambie Futi akijenge kiti vilevile kama alivyosema, na mbavu ya kati ameilaza, bila kubadilisha hata mkunjo mmoja. Wewe ukae kwenye kiti cha mbao, mikono umeikalia. Usiguse gundi. Akimaliza, weka godoro chini, maana uzee si mchezo, kisha inuka ukakikalie wewe.

Kitavunjika. Utakuwa chini, yeye amesimama, na safari hii atauliza mwenyewe kwa nini. Mjibu kwa mdomo tu.