Vita ya Kagera na mizinga ya Babu

Jumapili jioni, Oktoba. Kawajense.

Joto la Mpanda leo limenishinda. Mawingu yamekusanyika tangu saa nane, yamenguruma kidogo, halafu yamekwenda kunyesha kwa wengine. Nimerudi kutoka Ugalla kwa Bibi na vumbi hadi kwenye nyusi, nimeoga mara mbili, na bado sijagusa karatasi za mtihani ninazotakiwa kusahihisha. Ziko mezani tangu Ijumaa.

Shajara, nina aibu na nina furaha, na sijui nianze na ipi.

Nianze na aibu, ndiyo iliyotangulia.

Alhamisi Mjomba Salumu alinipigia. Mjomba si mtu wa simu, akipiga ujue kuna msiba au kuna harusi. Safari hii akasema, "Mwalimu, njoo uongee na bibi yako. Mimi nimeshindwa." Mjomba ni kaka yake mama yangu. Ni mfugaji nyuki, ana miaka hamsini na mbili, na maisha yake yote hajawahi kuwa na mzinga wake mwenyewe.

Kwetu mzinga haukai porini bila alama. Mwenyewe anaichonga kwenye gogo la mzinga kwa tezo, kishoka cha kuchongea, na hapo hata ukipita na njaa ya siku tatu huugusi, maana unajua ni wa mtu. Alama ya Babu ni mikato miwili iliyosimama na mmoja uliolala juu yake, kama kamlango. Katika ukoo wetu mtoto wa kiume anatumia alama ya baba yake mpaka siku baba atakapomruhusu kuongeza mkato wake. Baba akifa, ruhusa anatoa mama.

Sasa Babu hakufa. Yaani hatujui. Alikwenda vita ya Kagera mama yangu akiwa ananyonya, Mjomba akiwa na miaka mitano. Baadaye ikaja barua kwamba hajulikani alipo. Basi, habari ikaishia hapo. Tangu siku hiyo Bibi hajakubali alama iguswe. Mizinga inaoza, magogo yanaliwa na mchwa, Mjomba anachonga mingine, anaitundika juu ya miti ileile, na kila mmoja una kamlango ka Babu. Ni zaidi ya miaka arobaini. Babu ana mizinga mingi leo kuliko aliyokuwa nayo akiwepo.

Mwaka huu kijijini wameanzisha kikundi cha wafugaji nyuki, na kila mwanachama anaandikisha alama yake. Mjomba alipopeleka kamlango, mwenyekiti akamuuliza mwenye alama yuko wapi aje aweke sahihi. Mjomba akarudi nyumbani bila kuandikwa. Daftari linafungwa kesho Jumatatu, na asiyeandikwa hatapewa sehemu msituni. Yaani miti anayoikwea tangu utotoni wangepewa wengine.

Ndiyo nikaenda. Jumamosi asubuhi nikapanda pikipiki, hoja zangu zote kichwani, maana mimi nafundisha Historia ya Tanzania, Kidato cha Tatu, na wiki hiihii nilikuwa nimewapa wanafunzi swali hilohilo: Vita vya Kagera viliisha lini? Hata sisi walimu tunabishana. Kuna wanaosema Aprili sabini na tisa, Kampala ilipoanguka. Kuna wanaosema Juni, askari wetu walipofika mpaka wa mbali kabisa wa kaskazini. Mimi mwongozo wangu wa kusahihisha unakubali jibu moja tu.

Bibi alifurahi kuniona. "Mke mwenzangu kaja," akawatangazia kuku. Huo ndio utani wetu, mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, mume wetu mmoja. Nimeitwa hivyo tangu sijaota meno, mpaka nilishasahau kwamba huyo mume wetu mwenyewe hayupo.

Tulipomaliza ugali nikaanza. Nilitumia sauti ya darasani, najua, niliisikia mwenyewe. Nikamwambia, Bibi, ile vita iliisha rasmi mwaka sabini na tisa.

"Nani kakwambia?"

"Imeandikwa kwenye kitabu."

"Hicho kitabu kilikuwa na mume?"

Hapo mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaongeza kosa juu ya kosa, nikasema askari walisharudi makwao wote. Wote. Neno likanitoka hivyohivyo. Bibi akakusanya vyombo, akaenda kuviosha mwenyewe, na hakunisemesha tena siku nzima.

Ningeweza kuumeza ulimi wangu.

Mjomba ndiye aliyenifungua macho, tukipanga kuni nyuma ya jiko. Siku anaondoka, Babu alimwambia Bibi kitu kimoja tu, kwamba mizinga yake isipotee. Na Bibi akajipigia hesabu yake: mtu akirudi kwa miguu kutoka mbali atapita porini, na kijiji atakikuta kimebadilika, nyumba zimehama, watu wapya wamekuja na ng'ombe zao. Kitakachomwambia kwamba amefika kwake ni alama yake juu ya mti. Ukiibadilisha, atapita moja kwa moja.

Mjomba aliyasema haya bila kulalamika. Mtu mzima, baba wa watoto sita, amekwea miti miaka yote akichonga alama ya mtu ambaye hata sura yake haikumbuki, ili mama yake apate kulala. Na mimi nilikuwa namwona ni mtu mpole tu asiye na maneno. Shajara, wapo watu tunakula nao sahani moja na hatuwajui.

Leo asubuhi magogo matano mapya yalikuwa uani, yameshachongwa, yanangoja alama. Bibi akatoka na kigoda chake, akakaa karibu. Nikamwamkia, akaitikia, nikapumua. Mjomba alikuwa amevua kofia kwa sababu ya joto, ameinama anasugua gogo. Bibi akamtazama kichwani kwa muda mrefu.

"Salumu. Una mvi."

"Za siku nyingi, mama."

"Baba yako hakuwa nazo hata moja."

Halafu akacheka kidogo kwa puani. "Akitokea sasa hivi kama alivyoondoka, yeye ndiye atakayekupa wewe shikamoo."

Mimi na Mjomba hatukucheka. Babu aliondoka ana miaka ishirini na nane. Nikamwangalia Mjomba, na mgongo wake ulioanza kupinda, nikaelewa kwamba Bibi miaka yote hii alikuwa anamngoja kijana, na kijana huyo sasa ni mdogo kuliko mwanawe. Nadhani Bibi naye alikuwa anakiona kitu hicho kwa mara ya kwanza. Alikaa tu, mikono magotini, akikodolea macho zile mvi.

Kisha akanyoosha mkono. "Lete tezo."

Nilifikiri atamwonyesha tu mahali pa kukata. Kumbe anajua kazi. Alikata kamlango ka Babu, mikato mitatu, taratibu, akipuliza vumbi la mti baada ya kila mmoja. Akapumzika. Halafu chini yake akakata mkato wa nne, umelala, kama kizingiti.

"Huu wako."

Mjomba aliweka kidole gumba kwenye ule mkato. Akasema ahsante mama, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Tulimwacha. Bibi akaendelea na gogo la pili, la tatu. Kwenye la nne alianza kuchoka, nikaomba nimsaidie, akaniambia, "Kaa hapo, mke mwenzangu. Hii siyo chaki." Nilicheka huku machozi yananitoka, na sioni haya kuandika hivyo. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Bibi saa ile, yule mwanamke mwembamba mwenye kanga iliyopauka, ameshika lindo ambalo hakuna aliyekuja kumbadilisha, na leo amelivunja mwenyewe kwa mkono wake.

Mjomba alirudi amenawa uso. Akauliza, "Na mizinga iliyoko porini, mama? Niiongezee mkato?"

"Iongezee."

"Yote?"

"Yote, Salumu."

Mjomba akageuka upande wa mto. "Na ule wa bondeni, pale wanapovukia mto?"

Pale ndipo inapotokea njia ya zamani ya kutoka kaskazini. Bibi akafuta tezo kwa ncha ya kanga, pande zote mbili, akamrudishia.

"Ule uache."

Mjomba akaanza kubeba magogo, Bibi akaingia ndani kunifungia asali ya kuja nayo mjini, na mimi nikatafuta pikipiki.

Sasa nipo hapa na karatasi zangu. Nimefungua tatu tu. Wa kwanza kaandika Aprili, nimempa mkasi. Wa pili Juni, nimempa vema. Wa tatu hakuandika kitu, kaacha nafasi tupu, na nimeishika kalamu nyekundu nusu saa sijui niweke nini. Nusu ya darasa langu bibi zao walifika huku wakikimbia vita nyingine ng'ambo ya Ziwa, nchi za jirani, na mimi katika miaka yangu yote ya ualimu sijawahi kuwauliza wao ya kwao iliisha lini. Nimewauliza ya kitabuni.

Kesho asubuhi Mjomba atakwenda kwa mwenyekiti na alama yenye kizingiti, na ataweka sahihi yake mwenyewe. Na mimi kipindi cha kwanza nina Kidato cha Tatu. Nitawaandikia tarehe ubaoni, kwa sababu mtihani wa taifa utaiuliza. Halafu nitaweka chaki chini na kuwauliza: ni nani kati yenu ambaye kwao kuna kitu hakijaguswa tangu mtu alipoondoka?