Barua za Nyuki na Robo Saa Sebuleni kwa Bi Oakshott

Hazelgrove,
Nether Combley,
Somerset.
14 Oktoba, 1816

Mpendwa mdogo wangu Drusilla,

Hujambo wewe na baridi yako ya huko Halifax? Shemeji Barnaby hajambo? Na kifua cha Horace kimepona, au mtoto bado anakohoa kama mzee wa miaka themanini? Tangu uliponiandikia kwamba theluji imefika dirishani, kila ninapovaa soksi asubuhi nakukumbuka na kukuombea.

Sisi huku tu wazima, isipokuwa kaka Josiah. Jongo limemrudia mguuni, na amehakikisha kila mtu ndani ya nyumba analijua kama vile ni lake. Majira ya joto mwaka huu hatukuyaona kabisa. Mvua tangu Mei, mapea yameozea mtini, na nyasi hazikukauka hata siku moja. Ukikumbuka hali hiyo ya hewa utaelewa yanayofuata, maana nimeizungumzia kwa dakika kumi na moja nzima wakati nilikuwa na jambo la kufa na kupona mdomoni.

Najua barua ya binamu Harriet imenitangulia. Harriet hana subira, na kalamu yake haina hatamu. Bila shaka amekwambia dada yako amejivua nguo mbele za watu akiwa na miaka arobaini na sita. Basi kaa kitako, weka chai karibu, nikueleze mwenyewe bila chumvi. Chumvi yote Harriet ameshaimaliza.

Unamkumbuka Bwana Winslade wa shamba la Coldharbour? Yule mgane mrefu anayekaa kiti cha nyuma kanisani, anayesinzia mahubiri yakianza na kuamka yakiisha, bila kukosea. Miaka miwili na nusu iliyopita nyuki wangu walikufa mizinga minne kwa mpigo, nami nikalia kama mjinga. Akasikia. Akaniandikia jinsi ya kulisha waliobaki maji ya sukari. Nikamjibu kushukuru. Akajibu shukrani zangu. Nami sikutaka kuonekana sina adabu, nikajibu jibu lake. Hivyo ndivyo ilivyoanza, na haikukoma.

Labda umekaa mbali mno umesahau sheria za kwetu. Mwanamke asiye na mume haandikiani na mwanamume asiye na mke, labda awe ndugu yake au mchumba wake. Wakiandikiana, basi ni wachumba. Wakisema si wachumba, basi mwanamke hana haya. Hakuna mlango wa tatu. Kwa hiyo Bwana Winslade, kwa heshima, akawa anaandika jina la kaka Josiah juu ya bahasha, na kaka ananisukumia mezani bila kufungua, akisema, "Nyuki wako hao." Tuliona tumefanya jambo la busara sana.

Kumbe tumejichimbia shimo. Unamjua Bi Hubbins wa posta. Haijapita barua mkononi mwake bila kuipima, kuigeuza na kuinyanyua dirishani ipate mwanga. Akaona mwandiko wa Coldharbour unakuja kwa Josiah kila baada ya wiki mbili, akaona Josiah ana binti wa miaka kumi na tisa, akajumlisha. Kufikia Agosti kila nyumba yenye birika ilikuwa inajua kwamba Selina wetu amechumbiwa na Bwana Winslade kwa siri, na kwamba baba yake bado anavutana na mkwe juu ya masharti.

Sisi wenyewe hatukujua lolote. Mwenye nyumba ndiye wa mwisho kuona moshi wake.

Kwenye dansi ya Septemba ndipo lilipotupasukia. Daktari Kettlewell, yule kijana mwembamba mwenye masikio, alikuwa amecheza na Selina mara mbili. Mara ya tatu, unajua mwenyewe, ni sawa na kupiga kengele ya uchumba. Nikamwona anavuka ukumbi kuja kwake, uso umemwiva, na Selina ameshashusha upepeo wake. Bi Oakshott, yule asiyepitwa na neno, akamzuia njiani kwa kidole kimoja, akamnong'oneza. Maskini kijana akabadilika rangi. Akamwinamia Selina kutoka kule kule alikosimama, akageuka, akaenda zake.

Kesho yake hakuna aliyetutembelea. Wala kesho kutwa. Barabarani kofia za wanawake zilikuwa zinageukia upande wa pili kama alizeti. Maneno yakatufikia kupitia mpishi: binti ana mtu wake, na bado anawachezea vijana wa wenzake. Kwa msichana wa hapa hilo likishaganda haling'oki. Atazeekea dirishani, kama nilivyozeekea mimi, tofauti ni kwamba mimi sikusingiziwa.

Kaka Josiah akajikongoja na fimbo yake hadi kwa kasisi kukanusha. Kasisi akamsikiliza, akamshika bega, akasema, "Naelewa, mzee, mambo kama haya ni ya siri mpaka yakamilike." Kaka akarudi nyumbani akisema hataki tena kusikia habari ya mtu yeyote mwenye umri wa kuoa au kuolewa.

Sasa nikuungamie wewe, maana huwezi kunizaba kofi kutoka huko uliko. Nilikaa kimya siku tisa. Neno moja kutoka kwangu lingemtoa Selina matopeni, nami nililimeza siku tisa, asubuhi na jioni, kwa sababu niliogopa. Miaka arobaini na sita watu hawajapata la kusema juu yangu zaidi ya kwamba keki yangu ya bizari ni kavu. Niliipenda hali hiyo. Hata barua mpya ilipofika Alhamisi niliitumbukiza kwenye kikapu cha kushonea bila kuifungua, kama mtu anayeficha chupa.

Ijumaa nikamkuta Selina chumbani kwake, macho yamevimba, hajagusa hata andazi la tufaha. Nikaanza kusema kitu, akanikatiza. "Shangazi, usiseme. Mimi ni mdogo, nitapata mwingine. Wewe una nyuki tu."

Alikuwa anajua muda wote, Drusilla. Alijua barua ni zangu, akakubali kuchafuka yeye. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

Jumamosi nikavaa kofia yangu ya kijivu nikaenda kwa Bi Oakshott. Mungu akanipa zaidi ya nilichoomba, maana nilimkuta mama yake Daktari Kettlewell naye amekaa pale. Lakini unazijua ziara zetu: robo saa, kofia kichwani, na huanzi na jambo lako. Unaanza na hali ya hewa. Basi malezi ya mama yetu yakanishika shingo. Nikasema mvua. Bi Oakshott akasema matope. Bi Kettlewell akasema mapea. Tukarudi kwenye mvua. Saa ya ukutani inakwenda, nami naiona, na mdomo wangu unasema, "Ndiyo, hata Juni ilikuwa hivyo hivyo." Zilipobaki dakika nne nikajikaza kisabuni.

"Zile barua za Bwana Winslade," nikasema, "si za Selina. Ni zangu."

Kikombe cha Bi Kettlewell kikagota kwenye kisahani.

"Zako?" akauliza Bi Oakshott. "Zako wewe?"

"Zangu mimi. Na majibu pia naandika mimi."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili na nusu."

"Ewe Mola! Na mnaandikiana nini miaka yote hiyo?"

"Nyuki," nikasema.

"Nyuki!" Akajipepea. "Philippa Thripp, mwanamke mzima! Si bora hata ungesema mapenzi?"

Kwa bahati dakika zilikuwa zimekwisha. Nikainuka, nikainama kidogo kama inavyopasa, nikatoka. Nyuma yangu nikamsikia Bi Kettlewell anaita gari lake kwa sauti ya mtu anayewahi moto. Harriet atakuwa amekwambia nilianguka kwa kuzimia. Mwongo. Niliteleza kwenye matope ya kizingitini, na nikainuka mwenyewe.

Saa tisa alasiri Daktari Kettlewell alikuwa mlangoni kwetu, amelowa chapachapa, hana hata kofia. Saa kumi kaka Josiah alikuwa ametoa idhini, kwa sharti kwamba mtu asiukanyage mguu wake. Selina alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Jina lake sasa ni safi kama shuka iliyotoka kufuliwa, na uchafu wote umehamia kwangu, nami nikashangaa kuona si mzito kama nilivyodhani.

Uzito ulikuwa Jumapili. Bwana Winslade hakusinzia kanisani. Baada ya ibada alikuja kwetu na koti lake zuri, akasimama katikati ya sebule akizungusha kofia mikononi. Nilijua kilichomleta. Mwanamke akishatajwa hivyo, muungwana hana hiari, lazima aombe mkono wake. Sikutaka kuombwa kwa lazima. Nikamwahi. Nikamwambia yeye ni huru, nimesema niliyoyasema kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu, simdai chochote, arudi salama kwenye mizinga yake.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Barua ya Alhamisi umeisoma?"

Nikasema hapana.

"Basi isome, Bi Thripp. Mimi nitasubiri."

Nikaitoa kikapuni, nyuzi za rangi zote zimeizonga. Yeye akaenda dirishani akatazama mvua. Nikaisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa. Ina kurasa mbili, pande zote. Drusilla, haina nyuki hata mmoja.

Tutatangazwa kanisani Jumapili tatu zijazo, pamoja na Selina na daktari wake, na kasisi anasema hajawahi kuona nyumba moja ikimpa kazi nyingi hivi. Bi Hubbins anadai alijua tangu mwanzo, amekosea bibi harusi tu. Nami namwandalia Bi Oakshott keki ya bizari, kavu kuliko zote.

Msalimie sana shemeji Barnaby, wabusu wanao Horace na Lavender kwa niaba yangu, na mama mkwe wako mwambie dawa ya kikohozi ninayoijua mimi ni asali. Kaka Josiah anakusalimu, na mguu wake pia. Mungu awalinde na theluji hiyo, awape kuni za kutosha na afya ya kuzifaidi, na atujalie tuonane tena kabla hatujasahauliana sura.

Jambo moja la mwisho, liwe kati yetu wawili. Kijiji kizima kinasema nimemnasa mgane wa watu kwa sheria ya barua, na kwamba amekubali kwa sababu ni muungwana. Nimewaacha waseme. Lakini wewe nataka ujue. Mimi nilitamka Jumamosi. Tarehe iliyo juu ya barua ile ni ya Jumanne.

Dada yako anayekupenda, na anayetia sahihi kwa jina hili kwa mara ya mwisho,

Philippa Thripp