Jina Langu kwa Kihispania

Jumapili, 5 Oktoba 2025 — Louisville
Baada ya misa Zabroni kapiga simu kutoka Buffalo. Baba yake bado yuko kambini Nyarugusu, Tanzania, faili lake la kuja Marekani limesimama. Mzee asipokuja kuniposa, hakuna harusi. "Nivumilie, Spés." Miaka miwili hiyo! Mvumilivu hula mbivu, sawa — lakini mbivu nazo huoza.

Jumanne, 7 Oktoba
Kazini ghalani, lori limechelewa. Yamilé, Mkuba ninayefunga naye maboksi, akaniambia kwa Kihispania: "Espera." Ndiyo nini? Ngoja, anasema. Na pia: tumaini. Neno moja! Nikamwambia kwetu mtu anaweza kungoja bila tumaini lolote, nenda kambini ukaone. Hakucheka.
Elisée, Mkongo wetu anayeendesha forklift ya kunyanyulia maboksi, akadakia: "Bon, si ni ile espérer yetu? Donc wewe ni Espérance!" Ila kwa Kifaransa ni kutumaini tu, kungoja wana neno lingine. Padri aliyenibatiza alisema Spés ni Kilatini, tumaini. Kumbe wote wamechota kwangu!

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemuuliza mdogo wangu Gentille Kiingereza kimelifanyaje jina langu. Kaangalia simu. "Despair." Yaani kukata tamaa. Jina langu limo, kwenye hiyo "spair", ila likiwa limeshatoka roho. Waingereza hawa! Nimecheka, halafu nikalia bafuni. Nimemmisi Zabroni. Nimemmisi hata anavyokohoa kabla ya kusema jambo zito.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimekata tiketi ya basi la Buffalo. Mama ataumia. Kwetu Burundi msichana hajipeleki kwa mwanamume, husindikizwa na mama zake na shangazi zake. Anayejipeleka husemwa mpaka na wajukuu. Sitaweza kumuaga. Nitaacha barua juu ya sufuria ya maharage.

Jumamosi, 11 Oktoba — Columbus
Stesheni. Hapa nabadilisha basi. Nimemwandikia Zabroni kwamba naja. Amesoma — kimya. Naogopa.
Mama kapiga, barua kaiona! Nikajua nimekwisha. Akauliza: umevaa sweta? Nimevaa. Nani anakusindikiza? Hakuna, mama. Nikasikia anavuta kiti.
"Basi usikate simu. Nakusindikiza mimi, mpaka mlangoni kwake."
Naandika simu ikiwa begani. Anakoroga maharage, anaimba kidogo. Zabroni bado kimya. Foleni ya basi la Buffalo imeanza kusogea. Mama anauliza tumefika wapi