Sukari ya Yaya Jeanne

Jumatano, 4 Juni

Viatu vya mitumba nimevipanga, wateja hakuna. Nimewachekesha bantu, watu wa hapa soko la kambi ya Dzaleka, mpaka muuza nyanya akasahau kurudisha chenji. Jumamosi niko MC kwenye harusi ya binti wa Mama Chantal. Nani mwingine? Bujumbura, Kigoma, Lusaka, kote nimeshika mikro.

Yaya Jeanne, dada yangu mkubwa, ameuliza chakula kitatoka saa ngapi. Sababu ya sindano yake ya insulini. Nimemwambia saa saba kamili, ajidunge bila wasiwasi. Mi njo protokole, mimi ndiye mwenye ratiba.

Jumamosi, 7 Juni



Saa saba chakula kilikuwa tayari. Mi njo nilikizuia. Bantu walikuwa wanacheka, nikaongeza hadithi ya Lusaka, halafu ya Kigoma. Sufuria zikangoja. Yaya alikuwa amejidunga nyumbani, kama nilivyomwambia.

Nikamwona anatoka jasho, ameshika soda ya mtu mwingine. Nikaenda na mikro, nikamnyang'anya. Mbele ya wote: "Mgonjwa wa sukari njo huyu! Yaya, unataka kututilia matanga ndani ya harusi?" Wakacheka. Akasema, ulimi mzito: "Nipe, we mjinga." Wakacheka zaidi. Mi pia.

Akaanguka.

Kliniki ya kambi wakamtia maji ya sukari kwenye mshipa, akafungua macho. Sukari ikashuka tena. Tumeletwa hospitali Lilongwe.

Jumapili, 8 Juni

Aibu.

Daktari amenieleza. Nyuma ya tumbo kuna kongosho. Linatoa homoni mbili. Ukila, insulini inafungulia sukari mlango, inatoka kwenye damu inaingia kwenye misuli. Ukikaa njaa, insulini inapungua, glukagoni inatoka, inaliambia ini: toa akiba ya sukari. Zinapokezana hivyo, sukari ya damu haipandi sana wala haishuki sana.

Kongosho la Yaya halitoi insulini tena, njo maana anajidunga. Na miaka ya ugonjwa imeidhoofisha hata ile glukagoni yake. Insulini ya sindano haijui kama sahani imechelewa. Inaendelea kushusha tu. Ubongo unakosa sukari, mtu anaongea kama mlevi, anaanguka.

Miaka yote nimekuwa nikiwaambia majirani ugonjwa huu ni sukari nyingi, basi. Nilikomea darasa la sita na naongea kama profesa.

Nimemuuliza Yaya kama alishawahi kunieleza haya. Yaya akageukia ukuta. "Mara ngapi," akasema.

Jumatatu, 9 Juni

Nimelala Chinsapo, hapa Lilongwe, kwa rafiki. Mke wake kanipa nsima, bugali wa Malawi, na maharage, sikumaliza. Batoto wakaomba niwachekeshe. Nikaenda kuosha sahani.

Sukari ya Yaya imetulia. Kesho wanamruhusu.

Alhamisi, 12 Juni

Tuko Dzaleka. Sokoni bado wanarudia ule utani wangu wa matanga, hata wasiokuwepo. Nikawaambia ukweli: ile soda njo ilikuwa inamwokoa, mi njo nilitaka kumuua. Wakashika mbavu. "MC, umeanza tena!"

Mimi nimewazoesha. Hata nikilia watapiga makofi.

Nikafunga biashara mapema. Nikaenda kwa Mama Chantal kuomba msamaha kwa kuharibu harusi. Akanisamehe haraka. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Ijumaa, 13 Juni

Nimempelekea Yaya ndizi. Alikuwa anakula biskuti. Aliponiona akaificha chini ya kitenge.

Dada yangu aliyenibeba mgongoni. Ananificha chakula.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada Yaya ametuma mtu kuniita. Bugali mezani, sombe ya majani ya muhogo, samaki kidogo. Kwanza chakula kimeiva, halafu njo akajidunga. Hakufunga pazia, kama anavyofunga siku zote akijidunga.

Akasema niombee chakula. Mi, ninayeweza kuomba mpaka samaki apoe.

Nikasema: "Asante Mungu. Amina."

Akaanza kula. Hakunitazama. Lakini alinisogezea sombe.